Pwiloti, Maji Anayoyalilia Dada

Kijijini Ukata,
Mbinga.
Jumatano, 14 Mei 2025.

Mpendwa kaka Tobias,

Shikamoo. Habari za Mafinga na baridi yake? Wifi Aurelia kikohozi kimemwachia? Sisi ningesema hatujambo, lakini ningekuwa mwongo. Tangu uingie kambi ya mbao simu yako haipatikani, ndiyo maana nimemwomba Placidi wa kwenye basi akufikishie barua hii mkononi.

Dada Albina amepata kiharusi, amelazwa hospitali. Kiswahili kimemtoka, Kimatengo kimemtoka. Kilichobaki ni ile lugha yetu sisi watatu, tuliyoitunga tukichuma kahawa ili mama asijue tunamsema.

Unakumbuka pwilo? Ni neno lako. Ulilitoa kwenye mlio wa madongoa tuliyotupa katika maji yaliyotuama kwenye mashimo ya ngolo pale shambani, siku tuliyochapwa wote kwa kuchelewa kurudi. Albina ndiye aliyeliongezea mikia: pwilo ni maji yaliyopo, pwiloma ni maji uliyoyashika, pwiloti ni maji uliyoyakosa na unayataka.

Juzi alikuwa akilia, "Pwiloti, pwiloti." Wauguzi wakadhani anaweweseka. Nilipomnywesha kidogo kidogo alitulia, akakishika kikombe, akasema, "Pwiloma." Hakukosea mkia hata mmoja, kaka. Akili yake imo, nzima kabisa.

Shemeji Egidi hataki kusikia. Anasema mkewe ana mapepo, na kwamba yamenirukia na mimi kwa kuwa namjibu. Jumapili anamtoa hospitali ampeleke kwa mwombeaji mmoja anayewafungisha wagonjwa mfungo mkavu, bila chakula wala tone la maji. Na mtu mwenyewe analilia maji. Nimempigia Egidi magoti, nimemtukana pia, haikusaidia. Nikiongea na mgonjwa peke yangu naonekana chizi tu. Egidi anahitaji kumsikia mtu mwingine akiielewa lugha yetu.

Njoo kabla ya Jumapili. Ukishindwa, tafuta mahali penye mtandao unipigie, useme na dada kwa lugha yetu, Egidi akisikia. Naogopa, Tobias. Sijawahi kuogopa hivi.

Wasalimie wifi, mwanenu Hyasinti, na mama mkwe Gertruda. Mungu awalinde msituni humo na akufungulie njia ya kuja.

Nilimwambia dada kwamba nakuandikia. Alijibu kwa neno moja: "Tobiasiti."

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Yuliana