Nilisema Watatu

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya nne kwa wifi yangu. Sebuleni, godoro moja, mimi na wanangu. Wifi hasemi kitu ila siku hizi anafagia tukiwa bado tumekaa. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Yangu ya tatu imeshapita, jembe naliona linakuja.

Baba watoto kabaki kule tunakohama, anafunga vyombo. Anakuja na lori Jumamosi. Nyumba iwe imepatikana, na shule. Kasema nichague mimi, maana mimi ndiye nitakayeshinda hapo. Haya.

Leo dalali katupeleka mtaa wa sokoni. Maji yapo, duka lipo, shule ni hatua chache. Mimi nikatazama mtaro. Uko wazi, kina kinanifika kiunoni. Nikasema hapana.

"Mama, hata ndani hujaingia."

Nikamwacha dalali mlangoni, nikashika njia na wanangu.

Jumanne, 4 Februari

Mtaa wa mlimani. Upepo mzuri, majirani wanasalimia. Lakini kila ua una tangi la maji lililochimbiwa chini, limefunikwa mbao. Nikakanyaga moja, ikalia. Hapana.

Dalali kacheka, ati tangu jana natazama chini, nimedondosha pete? Nikacheka naye. Kisha akatoa simu aandike: vyumba vingapi, watoto wangapi.

Nikasema watatu.

Lilitoka lenyewe. Mkubwa alikuwa kanishika mkono — akauachia. Nikafungua kinywa nisahihishe. Dalali alikuwa keshaandika.

Wawili. Tangu mvua za mwaka jana ni wawili. Naandika hapa nijizoeshe. Mkubwa wangu, binti wa miaka kumi na moja. Kitindamimba, mitano. Wa katikati alikuwa na saba. Alifuata kandambili yake iliyochukuliwa na maji ya mtaro. Mtaro ule nilikuwa nauruka kila siku nikienda kufua nguo za watu, sikuuona kuwa ni kitu.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata. Mitaro yote ina vifuniko vya zege. Nimekanyaga kimoja kimoja kutoka kona ya fundi cherehani mpaka geti la shule. Hakuna kilichocheza. Fundi alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Shemeji, hivyo havivunjiki. Mimi na kitambi hiki napita kila siku."

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mkunga mstaafu. Anasema nyumba isiyo na kelele za watoto inazeeka haraka. Vyumba vile alitaka kumpa fundi umeme mmoja, hana mke wala mtoto. Dalali akamwambia kuna mama ana watatu. Basi akatupa sisi.

Kwa hiyo ni yeye katupatia nyumba. Wa katikati.

Mwenye nyumba akauliza, "Na wa tatu yuko wapi?"

Nikamjibu yuko kwa bibi yake, atakuja na lori, na baba yake.

Kwa bibi yake si uongo. Tumewalaza jirani makaburini, yeye mkono wa kulia. La lori sijui limetoka wapi. Ulimi hauna mfupa.

Alhamisi, 6 Februari

Tumeshahamia, na mabegi tu. Mwenye nyumba katoa vitanda vitatu stoo, kavipanga mwenyewe. Kitindamimba kachagua cha dirishani, mkubwa cha mlangoni. Cha katikati hawakukigusa. Sikuwaambia mimi.

Mkubwa haniongeleshi. Shikamoo asubuhi, basi.

Na kitindamimba — siku ya mazishi tulimpeleka kwa jirani, hakuona kitu. Tukamwambia kaka kasafiri. Ilikuwa rahisi. Jana katega sikio, leo anazunguka ua mzima anaimba, anakuja na lori, anakuja na lori.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi nimekuta kandambili moja chini ya kitanda cha katikati. Ndogo. Nikakaa chini sakafuni. Kumbe ni ya kitindamimba. Kamwazima kaka yake.

"Yake moja si ilienda na maji, mama?"

Nikaenda kwa mwenye nyumba nimweleze yote. Yuko kibarazani anashona foronya. Nikaanza: mama, kuna jambo kuhusu huyu wa tatu. Akanikata.

"Anakojoa kitandani? Usione haya, mwanangu. Nimezalisha mtaa huu mzima. Wote walikojoa."

Akaendelea kushona. Foronya ya tatu. Nikarudi ndani.

Baba watoto kapiga simu. Nikamsifia nyumba, vifuniko, shule. Nikamtajia vitanda. Kisha akauliza polepole, vitatu vya nini, mama watoto? Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefagia mara mbili. Mkubwa kasema mwishowe.

"Utamwambia mwenye nyumba wewe, au nimwambie mimi?"

Nikasema mimi, tukishakunywa chai. Chai imepoa mezani.

Naandika nimesimama dirishani. Kitindamimba kakaa juu ya kifuniko mbele ya geti, peku, kandambili kazishika mkononi zote mbili. Nikitoka sasa hivi nitawahi. Mwenye nyumba naye katoka, foronya begani.

Fundi cherehani anapaza sauti toka konani kwake, kuna lori linauliza njia.

Naliona. Baba yao kaweka mkono nje ya dirisha. Kitindamimba keshasimama. Haiti baba. Anaita jina la kaka yake, lile ambalo tangu mvua zile hakuna aliyelitaja kwetu. Analiita kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Mkono wa baba yake umerudi ndani.

Mwenye nyumba kanigeukia, anacheka.

"Njoo umpokee mwanao, unangoja nini?"

Mkubwa kanishika mkono, huu wa kushoto. Ananivuta.