Muuaji Aliyevaa Koti la Marehemu

Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifunika shuka mbili, maana baridi ya huku haina adabu, lakini mwili hauna tatizo na chakula kinapita. Goti linaendeleaje? Zuhura kaniambia umeanza tena kwenda sokoni kwa miguu, ukimficha daktari. Nimefurahi, na nimekasirika kidogo.

Habari yenyewe ni ndefu kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Unajua nilikuwa bado kwenye majaribio hapa kampuni ya vitabu, na kuajiriwa kwangu kulitegemea tafsiri yangu ya kwanza. Basi nikapewa riwaya ya upelelezi inayogombewa sana huko Ulaya. "Ni ya kwenu Tabora," bosi wangu Bi. Njeri akasema. "Wewe tafsiri tu, usianze kunirekebishia mwandishi."

Mama, nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji. Ukurasa wa kwanza tu, mpelelezi anashuka Tabora na kunusa chumvi ya bahari. Bahari gani? Kesho yake anapanda treni kwenda Nzega mjini, ambako reli haijawahi kufika, halafu anamkimbiza jambazi kwa miguu hadi Kaliua na kurudi kabla chai haijapoa. Mpenzi wake ana macho ya kijani sura ya pili, sura ya tisa yamekuwa meusi, na hakuna anayeshtuka. Kila sura inaisha mlango ukigongwa. Wazee wote wa Tabora humo ndani wanatoa hekima tu tangu asubuhi. Hakuna hata mmoja anayeuliza bei ya karanga. Na jambazi, akishamfunga mpelelezi kamba, anakaa kitako kumweleza mipango yake yote kwa mpangilio, kama mwalimu anayefanya marudio kabla ya mtihani.

Nilitafsiri huku nacheka, mpaka nilipofika kwenye kukamatwa kwa muuaji. Hapo kicheko kilinikatika.

Kuna msiba mtaa wa Gongoni. Marehemu alikuwa fundi wa reli. Siku ya kuanua tanga, mzee mmoja mshona nguo, anayechechemea, mwenye kofia nyekundu, anaingia amevaa koti la kahawia la marehemu. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anawafokea waombolezaji kwa nini wali umeungua. Mpelelezi anamtazama toka chini ya turubai, anajiambia kwamba ni muuaji peke yake anayeweza kuvaa nguo za mtu aliyemuua na kucheka mbele ya mjane. Anamtia pingu, na kitabu kinaishia hapo.

Ni Baba, Mama. Ni koti la Baba, na huyo ni Mzee Salumu. Unamkumbuka yule mgeni mwenye daftari aliyeletwa na jirani, akala wali wetu sahani mbili? Ndiye mwandishi. Aliona kila kitu na hakuuliza mtu yeyote. Angemuuliza hata muuza maji angeambiwa kwamba mzee yule ni Mzaramo, sisi ni Wanyamwezi, tumekuwa watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo, kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke.

Nilijaribu kujiambia kuwa ni hadithi tu. Lakini kitabu cha Kiingereza nani atakisoma Gongoni? Cha Kiswahili kingefika mpaka kibarazani kwa Mzee Salumu, tena kwa mkono wangu. Nikaenda kwa Bi. Njeri. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Mwandishi anakuja Alhamisi. Mwambie mwenyewe," akasema. "Lakini akikasirika akaondoa kitabu chake, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Alhamisi tulikuwa watu saba mezani. Nilieleza utani kwa heshima zote, na yule bwana akaitikia kwa upole wa mtu asiyesikiliza. Akasema wasomaji wameupenda sana mwisho ule. Sijui nini kilinipanda. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Nikalichukua, nikalivaa, nikaanza kutembea kama yeye, daftari mkononi, nikinusanusa bahari katikati ya Tabora. Nikaomba tiketi ya treni ya Nzega. Nikamtazama Bi. Njeri usoni, nikaandika macho ya kijani. Nikamtazama tena, nikaandika meusi. Watu walicheka mpaka Bi. Njeri akaegemea ukuta, na mwandishi mwenyewe akawa anafuta machozi. Ndipo nikamnyooshea mikono yote miwili.

"Sasa nitie pingu," nikamwambia. "Nimevaa nguo zako, na nimewachekesha watu."

Kisha akauliza polepole, "Yule mzee alikuwa nani kwa marehemu?" Nikamjibu kwamba ndiye aliyembeba Baba mgongoni kumpeleka hospitali, na mguu wake ule mbovu. Hapo nikavua koti, Mama, nikamrudishia.

Anaandika mwisho mpya kwa ajili ya kitabu cha Kiswahili. Muuaji bado hajampata. Juzi alinipigia kuuliza kama mkuu wa stesheni atafaa, nikamwambia aende Tabora akae mwezi mzima kwanza, aulize watu. Bi. Njeri amenipa barua ya ajira, na amenionya nisiguse koti lake.

Nisalimie dada Zuhura na shemeji yangu fundi baiskeli, shangazi wa Kaliua, na kaka Idi huko shambani Ulyankulu.

Mzee Salumu nimemweka mwisho kwa sababu salamu zake ni nzito. Siku ile alipoingia na koti, nyote mlicheka, hata wewe. Mimi niliona anamdhihaki Baba. Nilijifungia chumbani, na alipokuja kuniaga sikumpa mkono. Mwandishi alikuwa mgeni, mimi nimezaliwa Gongoni. Nenda kwake, Mama, umwambie binti wa marehemu anaomba radhi. Akinitukana mbele yako, nitajua amenisamehe.

Binti yako,
Mariamu