Safari ya Kobe Haraka

Jumatatu, 3 Agosti 1959
Nimefagia ua. Haraka yuko chini ya mtungi, mahali pake pa siku zote. Jina hilo alipewa na mwanangu Zuwena, wakati huo mtoto wa miaka sita, kwa kumcheka kobe. Akitoka chuo cha Kurani alikuwa akimsalimu yeye kabla yangu. Siku zile nyumba ilikuwa na kelele tamu. Tangu mwaka jana Zuwena kaolewa Unguja, na sasa nasikia chakula hakimpiti, alia kutaka kwao. Mumewe kaomba nimpelekee kobe kwa posta. Nimekubali. Sikupenda.

Jumanne, 4 Agosti
Sanduku la chai, matundu pande zote, majani makavu ya mgomba ndani. Msafiri hatoki kwangu bila masurufu. Nimemtilia papai bivu, tena kubwa. Karani wa posta hapa Mkoani kaguna: "Bi Asha, hapa twapokea vifurushi, hatupokei vyenye roho." Nikamwambia huyu habweki wala hawiki. Kacheka, kapokea.

Jumatano, 5 Agosti
Meli haikuja. Sanduku limelala ghalani. Joto kali.

Alhamisi, 6 Agosti
Siafu! Wamefuata papai, wamejaa sandukuni, wamo mpaka machoni mwake. Nimepiga ukelele ghala zima likanigeukia. Mimi na karani tumewabandua mmoja mmoja. Haraka kajifungia gambani, hatoi hata ukucha. Papai langu ndilo lililotaka kumuua, na nilikuwa nikimwona Zuwena akifungua sanduku la maiti.

Nimekosha sanduku. Nimetia majani mapya na kobe, basi. Karani kaniona nasitasita: "Mwache na njaa yake, Bi Asha. Kobe avumilia." Kumtoa msafiri na njaa! Marehemu mama angenizaba kofi. Adhuhuri meli imemchukua.

Jumapili, 9 Agosti
Unguja kimya. Leo simpendi mtu.

Ijumaa, 14 Agosti
Baharia mmoja wa meli kapita kunipa salamu za mkwe wangu. Haraka kafika mzima, jicho moja limevimba. Zuwena kakaa naye uani kutwa, na jioni kala sahani nzima ya wali. Alhamdulillahi. Nimelia kwa furaha.

Sikukuu zote mbili Zuwena alipokuja, alivua viatu mlangoni na kuuliza, "Haraka yu wapi?" Mara hii akija, atakuja kunitazama mimi. Akija.