Wifi, Kiuno Si Leso

Wifi yangu Salma, uliyehamia Kisumu bila kuniaga,

Kakako aliniletea salamu zako juzi. Alizitoa akiwa anakula, bila kuniangalia: "Salma asema hajambo, na asema yaliyopita yamepita." Nilimwongeza mchuzi. Leo najibu mwenyewe, tena waziwazi, na hata akiisoma mwingine barua hii sijali. Kwangu hayajapita. Magongo yote imejaa bendera mpya, watu wanasherehekea uhuru, na mimi nimekaa na kinyongo changu kizima.

Wajua ni nani aliyekufundisha mpira wa vinyoya. Nilipoolewa na kakako nikaletwa Mjambere, nilikuja na raketi nilizopewa na mwalimu wangu wa Kigoa, na mamako akauliza kama ni za kupepea moto. Tulicheza uani baada ya alasiri. Wavu wetu ulikuwa kamba ya kuanikia nguo, tumetundika shuka juu yake. Kinyoya kikikwama kwenye makuti ya paa ulikuwa ukinipandisha mabegani nikitoe, na kila mara tulianguka pamoja, tukacheka mpaka mamako akatoka kutazama kuna nini. Nilikupenda, Salma. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalonitia hasira zaidi.

Nilikufundisha kuanzisha. Miguu yote miwili ikae chini, usikanyage mstari, usimhadae mwenzio kwa kujifanya unapiga kisha usipige, na kinyoya unapokipiga kiwe chini ya kiuno. Hapo kwenye kiuno ndipo tulipogombana. Mwalimu wangu alitufundisha kuwa kiuno ni cha mwili, si cha nguo, akatuwekea kidole chini ya ubavu wa mwisho ili tusisahau. Wewe hukukubali. Kila siku ulikipandisha kiuno chako, na ungeachiwa, wallahi kingefika kwapani. Mamako, ungo mapajani, akachoka na kelele zetu.

"Kiuno ni pale ulipojifunga leso," alisema. "Bas, niwateni nichague mtele wangu."

Tangu siku ile, uani kwetu, kiuno kikawa leso. Ilikuwa kanuni ya kutafutia amani tu, na sote wawili tulijua hivyo.

Kisha yule bibi wa Kizungu wa mambo ya maendeleo akafungua ukumbi wa wanawake Magongo, akatafuta mwalimu wa vinyoya. Alipoambiwa tuko wawili, akataka tucheze mbele yake, atakayeshinda achukue kazi. Kakako alikuwa ameshaniambia: "Ukishinda, nenda. Ukishindwa, sitaki kusikia tena habari za ukumbi." Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimesoma, na tangu kuolewa sikutoka nyumbani ila kwenda harusini na matangani. Tena nilikuwa na mimba ya miezi minne. Ni wewe peke yako niliyekwambia, maana kakako angejua asingeniacha nishike raketi. Ndiyo sababu siku ile nilijifunga leso chini ya tumbo, kwenye nyonga.

Nilipoanzisha tu, ukanyanyua mkono.

"Kosa hilo, bibi. Kwetu sisi kiuno ni palipofungwa leso."

Bibi akanigeukia. "Ni kweli? Kwenu mnacheza hivyo?"

Kakako alikuwa amesimama mlangoni. Ningesema nini? Kweli ndivyo tulivyocheza. Ningebisha, ningeulizwa kwa nini leso yangu iko chini namna ile. Kuipandisha nako ni kulibana tumbo. Nikaitikia kwa kichwa, nikajaribu kuanzisha kutoka chini kabisa, kinyoya kikaishia wavuni. Na mchezo wenyewe wajua ulivyo, pointi hupata anayeanzisha tu, akikosea zamu inakwenda kwa mwenzake. Kila ulipoita kosa ulinitazama machoni. Nilitoka sina kitu, wewe ukatoka na ufunguo wa ukumbi. Njiani ukanishika mkono ukaniambia, "Wifi, usinune, ni mchezo tu."

Nilijifungua, nikalea, nikangoja. Watu walinisifu kwa subira, lakini haikuwa subira. Nilikuwa nafuatilia habari zako. Kwa kuwa kiuno kilikuwa leso, ukawafundisha wasichana wako waifunge juu, karibu na matiti, wapate kukipiga kinyoya kwa juu kiende kasi. Walimshinda kila mtu huku kwetu, maana waliocheza nao pia walikuwa wamefundishwa na wewe. Kila nilipopata habari kwamba wameshinda nilifurahi, nawe ukadhani nimekusamehe.

Mwaka huu, wakati wa Madaraka, wakaja wanawake wa Tanga. Walitaka mtu wa kuangalia uanzishaji aliyeisoma kanuni shuleni, na bibi akanichagua mimi. Asubuhi ya mchezo ulikuja kwangu na sahani ya vibibi vya nazi, ukakaa jamvini kama zamani.

"Wifi, wewe wazijua kanuni hizi. Leso za watoto zimekaa sawa?"

"Kiuno ni palipofungwa leso," nikakujibu. "Si ndivyo kwetu?"

Nikala kibibi kimoja. Kilikuwa kitamu.

Alasiri nikakaa kwenye kiti changu kando ya wavu. Msichana wako wa kwanza alianzisha, nikasema kosa. Akaja wa pili, nikasema kosa. Sikupaza sauti wala sikumwonea mtu. Kinyoya kilikuwa juu ya kiuno cha mwili, na wageni wenyewe walikubali. Wasichana walijaribu kushusha mikono, lakini mikono ilikuwa imeshazoea. Mchezo ukaisha hawajapata hata pointi moja, wanalia uwanjani na raketi zao. Wewe ulikuwa umeegemea ukuta, umeziba mdomo kwa leso, na mimi kila niliposema kosa nilikutazama machoni. Utamu wake nausikia mpaka leo. Anayetaka kunilaumu anilaumu.

Ulipohama nikapewa ufunguo. Safari hii kakako hakunizuia. Jumamosi ya kwanza nilifagia ukumbi, nikafunga wavu, nikakaa kungoja. Hakuja mtu. Nikazunguka nyumba za wasichana wako mmoja mmoja, na mama wa yule aliyeanzisha wa kwanza alinijibu akiwa kizingitini, hakunikaribisha ndani.

"Ulikuwa wajua tangu mwanzo," alisema, "nawe ukamwata mwanangu aingie kuaibika mbele ya wageni. Mwanangu alikukosea nini?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa lako wewe, nawe ulikuwa umeshapanda gari moshi.

Basi kazi niliyoitaka ninayo. Kila Jumamosi nafungua madirisha, naanzisha kinyoya upande huu, kisha nazunguka wavu nikakiokote upande wa pili. Nilimjaribu kakako, lakini anapiga kama mtu anayefukuza nyuki. Kuanzia Kisauni mpaka Likoni, anayeweza kunirudishia kinyoya kama inavyotakiwa ni mmoja tu, naye nimemfukuza mwenyewe.

Usinitumie salamu tena, wala usimtume mtu aniambie yamepita. Sijakusamehe, Salma. Ninachotaka ni uje hapa usimame mbele yangu, sina mimba na wewe huna bibi wa kumlalamikia, ucheze kwa nguvu zako zote, nikushinde. Nikishakushinda, tutaanza tena.

Mimi wifi yako,
mke wa kakako