Kesho Saa Nne, Kakuma Izime Data

Kakuma, Alhamisi, 2013.

Vumbi limetupiga njia nzima kutoka Lodwar. Mchanga umejaa mdomoni, na hasira imenijaa zaidi.

Wiki jana Achol, fundi cherehani kutoka Sudan Kusini, alikuja kwenye saiba yangu, duka langu la intaneti, kufanya mahojiano ya chuo cha uuguzi kwa video. Tulichagua siku ya mgao wa chakula kambini makusudi, tukijua watu wote watakuwa foleni na mtandao utakuwa wetu. Kumbe foleni nzima ilikuwa kwenye simu!

"Dada, mimi naongea, wao wanaona mdomo imesimama tu," aliniambia, machozi yakimtoka.

Alama za mtandao zilijaa hadi juu. Hakuna kilichopita.

Ndiyo maana leo nilikwenda Lodwar, kwenye kikao cha kukusanya maoni kuhusu mawasiliano. Ofisa mmoja alisema Kakuma ina mnara, tushukuru. Nikasimama. Nikamwambia mnara tunao, ila masafa ya mawimbi uliyopewa ni machache kwa wingi wa simu zetu. Tunapochimba kisima kwenye mchanga wa mto Tarach na mifugo ikazidi, hatukitukani kisima, tunachimba kingine.

Watu walicheka. Ofisa naye alikubali, akasema masafa zaidi yatapatikana televisheni zikihamia dijitali na kuyaachia. Lini? Eti tuwe na subira.

Subira huvuta heri, sawa. Lakini Achol amepewa nafasi ya pili, nayo ni kesho saa nne asubuhi.

Hakuna ya tatu.

Niliposhuka tu kwenye gari nilizunguka soko, kibanda kwa kibanda, nikiomba watu wazime data kuanzia saa nne hadi saa tano. Mama Ekai wa chai alinisalimu Kiturkana, kisha akanishangaa: "Ejok! Tuzime simu, kwani ni matanga?" Nilipomweleza, akaapa kuwasimamia wateja wake mwenyewe. Jamaa wa duka la simu amegoma. Huyo nitamrudia alfajiri, na akigoma tena nitakaa mlangoni pake.

Masafa sitaacha kuyadai. Hatuwezi kuombana simu zizimwe kila mtu akitaka kusoma, na kikao kingine kikiitishwa Lodwar nitasimama tena.

Ukisoma haya ukiwa Kakuma, nisaidie. Kompyuta zangu nimeshazichomoa zote, imebaki moja. Kesho saa nne saiba yangu ina mteja mmoja tu.