Gari Bila King'ora

Alhamisi, 7 Machi

Niko hai. Naanza na hilo.

Tangu Krismasi siko sawa, na leo ilizidi. Nilitoka nyumbani kabla ya kengele ya sala ya jioni, nikaenda kukaa kwenye ukuta wa bahari. Sikutaka kurudi nyumbani. Sikutaka kurudi popote. Halafu nikajiogopa, nikawapigia zimamoto, maana ambulensi ni yao. Nikasema njooni, ila msipige king'ora. Kijiji kizima kiko kwenye sala, watanijua.

Hawakupiga. Akaja dada mmoja wao, Tiresa, kwa miguu, viatu mkononi. Vijana wa kijiji wanaolinda zamu ya sala walikuwa wamelizuia gari barabarani. Saa ya sala hapiti mtu, na gari bila king'ora kwao ni gari tu. Akavua jaketi lake zito la zimamoto, akakaa mchangani, chini kuliko mimi. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama nimekula. Nikalia kama mtoto.

Kabla hatujaondoka akanipa namba yake, akasema mama lazima ajue, nisilale peke yangu. "Nimwambie mimi, mdogo wangu, au utamwambia wewe?" Nikasema wewe. "Sawa. Mwingine yeyote, nitakuuliza wewe kwanza."

Nitakuuliza wewe kwanza! Nyumba yetu ina watu kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Apia mjini, kliniki. Daktari ni mpole, nirudi wiki ijayo. Mama alinishika mkono njia nzima kwenye basi, hakunisema hata kidogo. Tukanunua mikate ya tui tukala tukicheka, tui linatuchuruzika mpaka viwikoni. Nililala vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Siendi tena kanisani. Labda wanifunge kamba.

Nilikuwa nimevaa nguo nyeupe, kofia nyeupe, nimekaa na kwaya. Mchungaji akamaliza kuwaombea wagonjwa, nikajua tumemaliza. Akasogeza maikrofoni. Akasema tumwombee binti yetu Ianeta, ambaye Alhamisi alikaa ukutani akiwa amechoka kuishi.

Jina langu. Siku yenyewe. Ukuta wenyewe!

Vipepeo vyote vya kujipepea mikononi mwa akina mama vilisimama. Nilitamani ardhi ipasuke. Na ilibidi niimbe wimbo uliofuata, sauti ya pili, kwa sababu tuko watatu tu.

Chakula cha mchana shangazi Foua akanirundikia magimbi na majani yaliyopikwa kwa tui kama nimetoka jela. "Kula, mwanangu, usitutie hofu tena." Binamu zangu hawanitanii. Hawa wanaotania hadi maiti!

Ni Tiresa. Nani mwingine? Alikaa mchangani, akanitoa maneno moja moja, akaenda kuyamwaga. Nimemwandikia: Umenianika. Kisha nikamfungia namba. Ningejua nisingepiga simu.

Jumanne, 12 Machi

Amekuja. Hana sare, amevaa gauni la maua na kandambili. Nikajifunika shuka. Akakaa kwenye ngazi, nje ya pazia.

Nikamwita mnafiki, kwa sauti, makusudi. Hakupandisha hasira. Akasema nina haki ya kukasirika. Akasema hakumwambia mchungaji, ila hanilazimishi nimwamini.

"Basi nani?"

"Hilo si langu kulisema."

Amekaa hapo mpaka jua likamfikia usoni, halafu akaaga. Kumbe naye anachomwa na jua kama watu wengine. Bado nina hasira. Lakini kama ni mwongo, si angetaja mtu?

Jumatano, 13 Machi

Ni mama.

Alikuwa anasuka mkeka. Nikamuuliza tu, nikitegemea aseme sijui. "Ni mimi," akasema, mikono haikusimama. Alienda kwa mchungaji Ijumaa ileile, baada ya mikate. Akampelekea na mkeka mzuri!

Nikamwambia, mama, ulimwambia mtu siri yangu. Akashangaa kwelikweli. "Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu. Mchungaji ni njia tu."

"Mungu hana maikrofoni, mama."

Akacheka. Akaniona uso, akaacha. "Mwanangu, ulitaka nikunyime maombi?"

Haoni! Hilo ndilo linaloniua. Angenifanyia ubaya ningemchukia nikapumzika. Nimemfungulia Tiresa namba. Mama nitamfungia wapi? Mkeka wake wa kulala umegusana na wangu.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika kwenye ngazi. Tiresa kasema nishike kalamu, mikono iwe na kazi.

Kengele ililia, tukakaa kwenye mikeka, babu akaanza sala. Akafika kwangu. Jina langu tena, na ukuta tena, na wadogo wote wamefumba macho wanasikiliza. Ile hali ikanirudia, ile ya siku ya ukutani, mbaya zaidi. Nikanyanyuka katikati ya sala, nikatoka. Hakuna anayefanya hivyo kwetu. Nikampigia Tiresa.

"Hapo ulipo uko salama?"

Nikasema kwa sasa.

"Kaa hapohapo. Ukutani usiende. Nakuja. King'ora?"

Nikasema hapana. Mjinga mimi! Sasa gari liko pale kwenye mwembe wa barabara, naliona, na vijana wamelisimamisha tena. Zamu nyingine, hawamjui. Wamesimama mbele ya taa na vikoi vyao, wanatikisa vichwa. Tiresa anashuka. Wanamzuia naye.

Ndani babu bado anaomba.

Mama katoka. Mama! Katika sala! Amenipita, kaenda hadi barabarani, peku, anashika mlango wa gari. Anawaambia waachie. Nawasikia kutoka hapa: Mama, sala haijaisha. Nani mgonjwa?

Mkono wake haujaachia mlango. Wanamuuliza tena, nani mgonjwa nyumbani kwako.

Amegeuka. Ananitazama. Anangoja niseme.