Deka aulizwa atarudi kufanya nini

Kathure, Deka jirani yangu amenipigia sasa hivi akilia. Amefika Istanbul kwa harusi ya kaka yake.

Afisa wa uhamiaji amemuuliza kazi yake, akasema hana. "Sasa Kenya utarudi kufanya nini?"

Akajibu, "Mama yangu amepooza. Mimi ndiye ninayemlisha."

"Na leo nani anamlisha?"

"Jirani."

"Basi jirani ataendelea."

Wallahi, ati jirani, yaani mimi, ataendelea. Deka anamgeuza mama yake kitandani kila siku, halafu anaambiwa hana cha kumrudisha nyumbani.

Wamemkalisha kwenye benchi mpaka kaka yake akaja kumtetea. Wamemruhusu kuingia, lakini hata hamu ya harusi imemwisha.

Ameniomba nimwekee mama simu sikioni. Mama akamuuliza, "Deka, uko chumba gani?"